Betri Kuukuu, Vumbi la Barabara na Shamba Lako



Mwanzo wa mvua zilizopita mkulima mmoja alikuja kwenye dirisha la afisi yetu akiwa na hasira nyingi. Ndama wake wawili wa gredi walikuwa wamekufa katika siku tatu. Alitaka niandike barua ya kumshitaki jirani yake, kwa maana siku zile walikuwa wakigombana juu ya mpaka, na yeye aliamini kabisa kwamba jirani ametia sumu kwenye majani.

Nilimwambia, "Mzee, kabla hatujaandika barua, tumwite kwanza Bwana Daktari wa Mifugo." Daktari alimwuliza jinsi ndama walivyokuwa kabla ya kufa. Mzee akaeleza kwamba walisaga meno, wakatoka povu, wakatembea kama vipofu, wakawa wanasukuma ukuta kwa vichwa. Daktari akampasua ndama wa pili, na ndani ya tumbo akakuta vipande vyeusi, vizito kuliko mawe. Vilikuwa vipande vya betri ya gari.

Betri ile ilikuwa nyuma ya ghala ya mzee mwenyewe. Mwanawe aliileta kutoka mjini ili aitumie kwa redio na taa, na ilipokufa akaitupa hapo. Jua likaipasua, na ndama wakawa wanailamba, kwa sababu madini ya ndani yake yana ladha inayowapendeza ng'ombe. Nyama ya ndama wale ilizikwa, haikuliwa. Barua niliyotaka kuandikiwa sikuiandika. Mzee alikwenda kwa jirani yake jioni ile ile kumwomba radhi, maana alikuwa amekwisha kumtukana mbele ya watu.

Habari hii ndiyo iliyonifanya niwaandikie mwezi huu. Gari ni rafiki wa mkulima. Hupeleka maziwa na mboga sokoni, na huleta mbolea. Lakini gari lina uchafu wake, na uchafu huo si moshi peke yake. Sehemu yake ni madini mazito.

MADINI MAZITO NI NINI?

Ni madini kama risasi, zinki, shaba, kadimiamu, kromiamu na nikeli. Msidhani yote ni adui. Mahindi yanahitaji zinki kidogo, na ng'ombe anahitaji shaba kidogo. Kidogo ni chakula, kingi ni sumu. Kondoo, kwa mfano, hudhurika upesi kwa shaba kuliko ng'ombe. Lakini risasi na kadimiamu hazina faida yoyote mwilini, wala kwa mtu wala kwa mnyama.

Tena madini haya hayaozi. Samadi huoza ikawa udongo, na dawa nyingi za kuua wadudu huvunjika baada ya muda. Risasi iliyoanguka juu ya udongo wakati wa babu yako yaweza kuwa hapo mpaka wakati wa mjukuu wako.

RISASI ILIYOTIWA KATIKA PETROLI

Mwaka 1921 huko Marekani mtaalamu mmoja aitwaye Thomas Midgley aligundua kwamba dawa yenye risasi ikitiwa katika petroli, injini haigongi. Petroli hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1923. Mwaka uliofuata wafanyakazi kadhaa waliokuwa wakiitengeneza dawa hiyo katika jimbo la New Jersey walipatwa na wazimu wakafa. Hata hivyo biashara iliendelea, na petroli ya risasi ikaenea dunia nzima. Kila gari lilipopita, risasi ilitoka pamoja na moshi ikaanguka kando ya njia.

Mwaka 1965 mtaalamu mwingine wa Marekani, Clair Patterson, alitangaza kwamba risasi iliyomo katika miili ya watu wa siku zile ilikuwa nyingi mno kuliko ile ya asili. Wengi walimpinga. Baadaye serikali nyingi zilikubali, zikaanza kuiondoa. Mwezi wa Juni 2001 nchi za Afrika kusini ya Sahara zilikutana Dakar zikaahidi kuiacha, na kufikia Januari 2006 zilikuwa zimeiacha, Kenya ikiwa mojawapo. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari ni Algeria, mwezi wa Julai 2021. Habari hiyo ilitangazwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako hapa kwetu Gigiri, Nairobi. Shirika hilo lilikadiria kwamba kuiacha petroli hiyo kunaokoa zaidi ya watu 1,200,000 kila mwaka wasife kabla ya wakati wao.

Basi moshi wa leo hauna risasi ile. Lakini iliyokwisha anguka kando ya barabara kuu za zamani haikuondoka. Imo katika udongo wa juu.

MENO YA TAIRI YAMEKWENDA WAPI?

Huenda mtu akasema, "Kama petroli imesafishwa, jambo limekwisha." Halijakwisha. Nawaulizeni swali kama nilivyokuwa nikiwauliza watoto darasani. Tairi jipya lina meno marefu. Likizeeka ni kipara. Meno yale yamekwenda wapi? Yamesagika juu ya lami yakawa vumbi. Katika kila kilo 100 za mpira wa tairi huwa kuna kilo 1 au 2 za zinki, na pamoja na zinki hufuatana kadimiamu kidogo.

Breki ni vivyo hivyo. Kila dereva akanyagapo breki, kuna vipande vinavyobana na kusuguliwa mpaka viishe. Ndani yake mara nyingi mna shaba, na madini mengine pia. Jimbo la California huko Marekani lilipitisha sheria mwaka 2010 ya kupunguza shaba katika breki, kwa kuwa mvua ilikuwa ikiipeleka mitoni ikidhuru samaki. Ndiyo sababu vumbi hili huwa jingi penye mteremko, kona na kituo cha basi, mahali ambapo magari hupunguza mwendo.

Tena kuna vipande vidogo vya risasi vinavyogongwa kwenye ringi ili gurudumu lisitetemeke. Hulegea, huanguka, na husagwa na magari mengine. Nchi za Umoja wa Ulaya zilivikataza kwa magari madogo mwaka 2005. Na kuna oili chafu ya injini, ambayo huchukua chembe za vyuma vinavyosuguana ndani.

Lakini mzigo mkubwa kuliko yote ni betri. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanalijua jambo hili kwa uchungu. Kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kando ya nyumba zao kiliwatia sumu ya risasi, watoto na wakubwa. Mwezi wa Julai 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi ikaenda rufani, na Mahakama ya Juu ikairudisha hukumu hiyo mwaka 2024. Lakini fedha haiondoi risasi iliyokwisha ingia katika mfupa wa mtoto.

INAFIKAJE SHAMBANI NA MWILINI?

Kumbukeni ubao wa shule. Mwalimu akifuta, chaki nyingi huanguka chini ya ubao, kidogo hufikia madawati ya mbele, na watoto wa nyuma hawaoni kitu. Vumbi la barabara hufanya hivyo. Karibu na lami ni jingi, kisha hupungua upesi, na ukifika mita 50 hivi mara nyingi limebaki kidogo sana. Lakini maji ya mvua hulichukua kutoka lami mpaka mtaroni, na mtaro ukiingia shambani, vumbi huingia nao hata kama shamba liko mbali.

Mizizi ya mimea hainywi risasi nyingi. Hatari kubwa ni vumbi lililokaa juu ya majani na udongo ulioshika viazi na karoti. Kadimiamu ni tofauti. Mboga za majani, kama sukumawiki na mchicha, huivuta kwa mizizi, hasa udongo ukiwa mchachu.

Anayeumia zaidi ni mtoto. Mwili wa mtoto mdogo hushika risasi mara 4 au 5 kuliko mwili wa mtu mzima, na yeye ndiye anayecheza chini na kutia mikono kinywani. Risasi hudhoofisha akili yake, na shuleni ataitwa mvivu kumbe si mvivu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

FANYENI HIVI

1. Betri kuukuu isikae shambani. Iuzeni kwa mnunuzi mwenye kibali. Mpaka siku hiyo, iwekeni chini ya paa, mahali penye kufuli, mbali na mifugo na watoto. Msiipasue wala msiyeyushe risasi nyumbani kwa ajili ya nyavu au kitu kingine chochote. Moshi wake ni sumu.

2. Mboga za majani zipandwe angalau hatua 30 kutoka ukingo wa barabara kuu ya lami, na zaidi ikiwezekana. Ile sehemu ya karibu pandeni miti ya mbao au ya kuni, au maua. Mahindi na maharagwe si mabaya kama mboga, kwa kuwa punje imefunikwa.

3. Otesheni ua mnene wa kayaba au miti upande wa barabara. Ua huzuia vumbi jingi. Majani ya ua huo msiwape ng'ombe.

4. Msikate majani ya ng'ombe kwenye ukingo wa barabara kuu, wala msifunge ng'ombe wa maziwa hapo kutwa nzima. Najua wakati wa kiangazi majani hayo yanatamanisha. Lakini ng'ombe hula vumbi pamoja na majani, na sehemu ya risasi hutoka katika maziwa.

5. Geuzeni mtaro wa barabara usiingie katika bustani wala katika bwawa la kunyweshea. Maji yapitishwe kwanza katika ukanda wa nyasi, matope yabaki hapo.

6. Osheni mboga kwa maji safi mara mbili, na viazi vimenywe. Kuosha huondoa sehemu kubwa ya vumbi.

7. Tieni samadi na mboji kwa wingi. Hushika madini haya yasiingie upesi katika mimea. Udongo ukiwa mchachu tieni chokaa, lakini baada ya kupima kwanza. Wakulima wa majani ya chai wasitie chokaa ovyo, kwa maana chai hupenda uchachu.

8. Oili chafu isimwagwe chini, isipakwe vidonda vya ng'ombe, wala debe lake lisiwe la maji au la maziwa. Ng'ombe huilamba oili hiyo kama alambavyo chumvi.

9. Kuku wasichakure mahali palipokuwa gereji. Risasi huingia katika mayai.

10. Magari yasioshwe mtoni. Chini ya mto kuna jirani anayechota maji.

Mkiona ndama anasaga meno, anatetemeka au anagonga ukuta kama kipofu, mwiteni Daktari wa Mifugo siku hiyo hiyo, na mtafute alichokuwa akilamba. Msinywe maziwa ya ng'ombe aliyeshukiwa mpaka Daktari aseme. Na mtu akiwa ameyeyusha betri nyumbani penye watoto, awapeleke hospitali damu yao ipimwe.

MSIOGOPE KUPITA KIASI

Sisemi mng'oe mazao yaliyo kando ya njia, wala msiseme kwamba Karani ameharibu bei ya mashamba ya barabarani. Njia ya murramu inayopita magari machache kwa siku haina hatari sawa na barabara kuu ya malori. Mwenye shaka na achukue udongo wa juu kutoka sehemu mbalimbali, auchanganye, aupeleke kupimwa. Maabara ya KALRO iko Kabete. Lakini ulizeni waziwazi kama watapima risasi na kadimiamu, kwa sababu kipimo cha kawaida cha rutuba hakionyeshi madini hayo. Bwana Shamba wenu atawaonyesha jinsi ya kuchukua udongo.

Yule mzee wa ndama wawili bado analipa deni la ng'ombe aliowakopea. Juzi alipita dirishani kuulizia mbegu za nyasi, naye alikuwa amefuatana na jirani yake yule yule. Walikuwa wamekusanya betri sita kutoka nyumba za kijiji chao, wakazipakia katika mkokoteni, wakazipeleka mjini kwa mnunuzi. Nendeni leo mkatazame nyuma ya ghala zenu kuna nini.