Ndege wa Rusizi: utajiri unaopitwa kila siku njia ya Gatumba

MFANYABIASHARA anayetoka Nyakabiga kwenda Uvira huwaza magunia, ushuru na bei ya kubadilisha faranga. Ni wachache wanaogeuza shingo wakikaribia Gatumba, ambako Mto Rusizi, baada ya safari ndefu kutoka Ziwa Kivu, unaingia Ziwa Tanganyika.

Hapo ndipo ilipo Hifadhi ya Taifa ya Rusizi, umbali wa kilomita zipatazo 15 kutoka katikati ya Bujumbura. Ililindwa kuanzia mwaka 1980, na mwaka 2002 delta yake iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Siri ya mahali hapa ni tope. Mto ukifika ziwani hupunguza kasi, hutua udongo na kuacha maji ya kina kifupi, mafunjo na matete. Mwari, yangeyange na mdiria hupata chakula humo. Yupo pia ndege ambaye mdomo wake wa chini ni mrefu kuliko wa juu. Huruka akiukata uso wa maji mpaka uguse samaki. Kati ya Oktoba na Aprili huongezeka wageni kutoka Ulaya na Asia, wakiwamo mbayuwayu wanaokimbia baridi.

Matete hayo yanamhusu mchuuzi pia. Samaki wengi hutaga na kukulia humo, na udongo unaonaswa hapo hauchafui ziwa. Yakifyekwa ovyo, hasara hufika sokoni.

Lipo jambo jingine la kuangaliwa mpakani. Korongo taji, ambaye Warundi humwita umusambi na Waganda wamemweka kwenye bendera yao, aliorodheshwa mwaka 2012 kuwa katika hatari ya kutoweka. Makazi yake yanageuzwa mashamba, na wapo wanaomkamata akiwa hai ili auzwe awe pambo la uani. Chini ya mkataba wa CITES, ambao Burundi, Kongo, Rwanda, Tanzania na Uganda zote ni wanachama, ndege huyu havushwi mpaka bila kibali cha nchi anakotoka. Ukiombwa "kusaidia kubeba" boksi lenye ndege, kataa. Likikamatwa, mwenyewe hatakuwapo. Utakayeulizwa ni wewe, na bidhaa zako halali zitasimama nawe.

Anayetaka kuwaona afike alfajiri au jioni, jua likiwa limepoa. Alipe kiingilio langoni, achukue mwongozaji, avae nguo zisizong'aa na asikaribie ukingo wa maji, kwani viboko na mamba wapo. Darubini ni nzuri ukiwa nayo. Usipokuwa nayo, subira inatosha.