Je, Wajua? Chui Milia Jike Huitwa Baghin

Kwa Kihindi, chui milia ni bagh, naye jike huitwa baghin. Bagh limetokana na vyaghra la Kisanskriti, lililofupishwa taratibu na ndimi za watu kwa karne nyingi. Kiishio -in ndicho kinacholeta ujike: mke wa dhobi, neno lile lile lililotupa dobi wetu, huitwa dhobin.

Baghin mmoja alivuma dunia nzima. Aliishi katika hifadhi ya Ranthambore, jimbo la Rajasthan, akaitwa Machli, yaani Samaki, kwa alama ya samaki iliyokuwa usoni mwake. Shujaa kwelikweli! Alipambana na mamba mkubwa akamuua. Alikufa Agosti 2016, akiwa na umri wa miaka 19 hivi. Porini, wengi hawafiki 15.