Msumeno wa Betri Uliokwishatumika

Ndugu Wanachama,

Baadhi yetu sasa wanunua misumeno ya betri iliyokwishatumika kwa kupogolea miti. Bei ni nafuu, lakini usilipe kabla ya kujaribu. Betri ijazwe, kisha kata gogo bichi mara kadhaa. Msumeno ukizimika mapema, betri imechoka, na betri mpya pengine yapita bei ya msumeno wenyewe. Uliza kama betri ya namna ile ingali yapatikana madukani, na chaja iwepo.

Tazama mnyororo pia: meno butu hunolewa, yaliyokwisha hayanoleki. Mkarafuu hungojewa miaka 6 hadi 8 mpaka uzae. Tawi likichanwa vibaya, jeraha huwa mlango wa ukungu unaokausha matawi.

Wabillahi taufiki.

Katibu