Je, Wajua? Mjuzi wa Kubeti Haulizi Nani Atashinda

Je, wajua kwamba mtu anayeishi kwa kubeti hashughuliki sana na swali la timu gani itashinda? Anauliza bei. Mnunuzi wa dhahabu wa Mongbwalu hafungui mkoba kwa sababu punje inang'aa. Anataka gramu, usafi, na bei ya soko la dunia siku hiyo. Odi, ile namba inayozidishwa na dau lako ukipatia, nazo ni bei. Timu kubwa yaweza kushinda kweli, na bado ikawa imeuzwa ghali.

Je, wajua kampuni inapata wapi riziki yake? Chukua mechi ambayo mabao matatu au zaidi, na mawili kushuka chini, yana nafasi nusu kwa nusu. Odi za haki zingekuwa 2.00 kila upande; utakuta 1.85. Weka faranga 1,000 huku na 1,000 kule. Umetoa 2,000, na vyovyote mechi itakavyoisha unapokea 1,850. Zile 150, yaani asilimia 7.5, ni za mwenye duka.

Je, wajua kinachotokea ukizifunga mechi kumi za namna hiyo kwenye kuponi moja, kama wafanyavyo vijana wa Bunia Jumamosi kabla ya mechi za Uingereza kuanza? Nafasi yako ni 1 katika 1,024. Kwa faranga 1,000 malipo ya haki ni 1,024,000. Utalipwa kama 470,000. Asilimia 7.5 imekatwa mara kumi, na zaidi ya nusu ya thamani ya pesa yako imebaki dirishani kabla refa hajapuliza filimbi. Kwa hiyo ile timu moja inayotukanwa usiku kucha eti "imeharibu kuponi" inaonewa. Kuponi ilinunuliwa ikiwa mbovu.

Je, wajua kwamba kwa odi za 1.85 mjuzi anahitaji kupatia zaidi ya mara 54 tu kati ya 100? Akifika 57 anapata faida ya asilimia 5 hivi, ingawa amepoteza mara 43. Hana mkosi wala nyota; ana daftari.

Je, wajua kwamba kiasi cha kuweka kina kanuni yake? John Kelly, mwanasayansi wa Bell Labs huko Marekani, aliichapisha mwaka 1956. Kwa mjuzi wetu wa 57, mwenye mtaji wa faranga 100,000, kanuni inaruhusu kama 6,400 kwa mechi moja, na wengi waoga (au wenye busara) huweka nusu yake. Asiye na ujuzi huongeza dau mara mbili kila anapopoteza.

Je, wajua kilichotokea kwenye kasino ya Monte Carlo, tarehe 18 Agosti 1913? Mpira wa ruleti uliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo, na watu wakamwaga mamilioni kwenye nyekundu wakidai "sasa ni zamu yake". Ruleti haina kumbukumbu. Karata zinayo: karata ikitoka, haipo tena kwenye fungu. Edward Thorp, mwalimu wa hisabati, alijenga juu ya hilo hesabu yake ya mchezo wa karata wa blackjack, akaitoa kitabuni mwaka 1962.

Je, wajua kwamba Yoane Wissa, mshambuliaji wa Leopards, timu ya taifa ya Kongo, alicheza miaka minne kwenye klabu ya mtu aliyetajirika kwa kubeti? Matthew Benham, mmiliki wa Brentford, alisomea fizikia Oxford na mwaka 2004 akaanzisha Smartodds, kampuni inayokokotoa nafasi za matokeo ya mechi. Macho yale yale ya bei aliyahamishia kwenye wachezaji: Wissa alitoka Lorient mwaka 2021 kwa pesa isiyofika pauni milioni 10, akauzwa Newcastle Septemba 2025 kwa takriban milioni 55.

Je, wajua kwamba kampuni nyingi za kubeti zikigundua mteja anashinda kwa hesabu humbania dau, hata asiweze kuweka zaidi ya pesa ya soda? Anayepoteza kila wiki ndiye hutumiwa bonasi.