Beringi za magurudumu ya pikapu

Beringi ya gurudumu ni kifaa cha chuma kinachokaa kati ya habu ya gurudumu na mhimili wake, ili gurudumu lizunguke kwa urahisi huku likibeba uzito wa gari. Bila beringi, chuma kingesuguana na chuma, kingepata joto kali na hatimaye kukwama. Beringi za pikapu huchoka mapema zaidi gari likibeba mizigo mizito, likipita kwenye barabara mbovu au likivuka maji mara kwa mara. Beringi ikiharibika kabisa, gurudumu linaweza kukwama au hata kuchomoka gari likiwa mwendoni. Kwa hiyo kuchagua beringi mpya ni jambo la usalama, si la bei tu.

Historia

Mwaka 1794 Philip Vaughan wa Carmarthen, Wales, alipata hataza ya kutumia gololi kwenye ekseli ya gari la kukokotwa na farasi. Mwaka 1898 Henry Timken alipata hataza nchini Marekani ya beringi yenye rola za umbo la pia, na mwaka uliofuata akaanzisha kampuni katika mji wa St. Louis. Aina hiyo ilifaa sana kwa magari kwa sababu huhimili nguvu za pande mbili: uzito unaotoka juu, na msukumo wa ubavuni gari linapokata kona. Watengenezaji wengine wanaojulikana ni SKF ya Uswidi, iliyoanzishwa mwaka 1907, na NSK ya Japani, iliyoanzishwa mwaka 1916.

Aina

Pikapu nyingi za miaka ya 1970 hadi 1990, zikiwemo Toyota Hilux za zamani, zina beringi mbili za rola za pia katika kila gurudumu la mbele: moja ya ndani na moja ya nje. Kila beringi ina sehemu mbili zinazoachana. Ya kwanza ni koni, yaani pete ya ndani pamoja na rola na kizimba chake. Ya pili ni kikombe, yaani pete ya nje inayogongewa ndani ya habu. Beringi hizi husafishwa, hutiwa grisi upya na kukazwa kwa nati.

Magurudumu ya nyuma ya pikapu nyingi hutumia beringi inayoshindiliwa kwenye ekseli kwa presi, hivyo kuibadilisha kunahitaji gereji yenye mashine hiyo. Magari mapya zaidi mara nyingi hutumia beringi iliyofungwa kiwandani, ambayo haitiwi grisi bali hubadilishwa nzima.

Dalili za kuchoka

Dalili ya kawaida ni mvumo unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka. Gari linapokata kona kushoto, uzito huhamia upande wa kulia. Mvumo ukizidi wakati huo, huenda beringi mbovu ni ya kulia. Gurudumu likiinuliwa kwa jeki na kutikiswa juu na chini, kucheza kwake ni dalili nyingine. Hata hivyo, bolijointi iliyolegea pia huchezesha gurudumu, hivyo fundi hukagua vyote viwili kabla ya kununua spea.

Kusoma namba

Njia ya uhakika ya kupata beringi sahihi ni kusoma namba iliyochongwa kwenye ile ya zamani na kuilinganisha na kitabu cha gari. Jina la gari pekee halitoshi, kwa kuwa modeli moja huweza kuwa na beringi tofauti kulingana na mwaka, au kulingana na kama gari huendeshwa kwa magurudumu mawili au manne.

Katika namba nyingi za milimita, tarakimu mbili za mwisho, kuanzia 04, zikizidishwa kwa 5 hutoa kipenyo cha tundu. Kwa mfano, 30206 ina tundu la milimita 30. Lakini 32206 nayo ina tundu la milimita 30, na zote mbili zina kipenyo cha nje cha milimita 62. Tofauti iko kwenye upana: ya kwanza ina milimita 17.25 na ya pili 21.25. Muuzaji akizipima kwa macho anaweza kusema zinafanana, lakini ukiweka moja mahali pa nyingine, habu haitakaa mahali pake.

Beringi za vipimo vya inchi huwa na namba mbili, moja ya koni na moja ya kikombe. Kwa mfano, LM67048 ni koni yenye tundu la inchi 1¼, yaani milimita 31.75, na kikombe chake ni LM67010. Ikiwa namba imefutika, hupimwa kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na upana kwa kalipa. Rula ya kawaida haitoshi.

Mambo ya kuzingatia wakati wa kununua

* Koni na kikombe hununuliwa pamoja. Kikombe cha zamani chenye vidonda huiharibu koni mpya upesi.
* Sili mpya hununuliwa pia, kwa sababu sili iliyochakaa huingiza maji na vumbi.
* Beringi iliyokwisha kutumika haifai, hata kama inang'aa, kwa kuwa uchovu wa chuma huanza chini ya uso na hauonekani.
* Bei ya chini mno, maandishi yenye makosa au namba isiyolingana na ya kwenye boksi ni dalili za bidhaa bandia. Boksi zuri pekee si uthibitisho. Baadhi ya watengenezaji wana programu za simu za kukagua alama zilizo kwenye boksi.

Kufunga na kutunza

Beringi nzuri ikifungwa vibaya haidumu. Habu husafishwa kwa mafuta ya taa na kukaushwa, kisha grisi ya beringi hushindiliwa katikati ya rola, si kupakwa juu tu. Grisi za aina tofauti hazichanganywi ovyo, kwa sababu baadhi hazipatani na huyeyuka. Nati ikikazwa kupita kiasi, beringi huungua. Ikilegea, gurudumu hucheza na rola huumia. Kipimo sahihi cha kukaza hutoka katika kitabu cha gari husika. Baada ya safari fupi ya majaribio, habu hukaguliwa: joto la wastani ni la kawaida, lakini habu ya upande mmoja ikiwa ya moto kuliko ya upande wa pili, gari lisiendelee na safari kabla ya kukaguliwa upya.