Nani Aliyetengeneza Mdundo? Utata wa Majina ya Maprodyuza katika Albamu za Kale za Hip-hop

Jalada la albamu ni hati ya kihistoria, kwa kuwa humweleza msikilizaji nani aliimba, nani alirekodi na nani alikuwa prodyuza, yaani mtu anayebuni mdundo na kuusimamia wimbo mpaka ukamilike. Hata hivyo, katika albamu kadhaa zilizoujenga muziki wa hip-hop mjini New York kati ya mwaka 1986 na 1991, hati hiyo haitoshi kuaminiwa peke yake, kwa sababu iliandikwa kufuata matakwa ya wenye mikataba, ambao hawakuwa kila mara ndio walioketi mbele ya mashine.

Chanzo kimojawapo cha utata huo ni mashine yenyewe. Mwaka 1985 kampuni ya E-mu ya Marekani ilitoa SP-12, iliyounganisha ngoma za kielektroniki na uwezo wa kunasa sampuli, yaani kipande kifupi cha sauti kinachotolewa katika santuri na kupangwa upya. Ndugu yake SP-1200, iliyotoka mwaka 1987, ilihifadhi takriban sekunde 10 tu za sauti, hivyo mafundi walizoea kuizungusha santuri kwa kasi kubwa wakati wa kunasa, kisha wakaipunguza kasi sauti hiyo ndani ya mashine ili kuokoa nafasi. Kazi hiyo ilihitaji ustadi mkubwa, na kwa vile wenye mashine walikuwa wachache, madijei na marapa waliwafuata wakiwa na santuri zao kwapani.

Hivyo ndivyo ilivyotengenezwa *Criminal Minded*, albamu ya mwaka 1987 ya kundi la Boogie Down Productions kutoka Bronx. Uprodyuza uliandikwa kwa majina ya wanakundi KRS-One na Scott La Rock, ilhali Ced Gee wa kundi la Ultramagnetic MC's, ambaye kwa SP-12 yake alizikata na kuzipanga sampuli za sehemu kubwa ya midundo hiyo, aliambulia kutajwa katika shukrani. Scott La Rock aliuawa Agosti mwaka huohuo, na kwa kifo chake ikapotea sauti moja muhimu ambayo ingeweza kueleza mgawanyo wa kazi ulivyokuwa.

Mgogoro wa wimbo "Eric B. Is President" wa mwaka 1986, uliojumuishwa baadaye katika albamu *Paid in Full* ya dijei Eric B. na rapa Rakim, una sura nyingine. Ulirekodiwa nyumbani kwa prodyuza Marley Marl, katika makazi ya Queensbridge, na jina lake likawekwa kama mtu aliyeuchanganya upya, huku uprodyuza ukibaki kwa Eric B. Marley Marl ameshikilia kwamba yeye ndiye aliyeutengeneza, naye Eric B. amejibu kwamba alileta santuri na wazo la besi, na kwamba Marley Marl alilipwa kwa kazi ya fundi sauti. Kiini cha ubishi ni iwapo prodyuza ni mwenye wazo au ni yule ambaye mikono yake inaligeuza wazo kuwa muziki.

Swali hilo lina fedha ndani yake. Fundi sauti hulipwa ujira wa kazi na kuondoka, lakini prodyuza anayetambuliwa katika mkataba huweza kupata mirabaha, yaani sehemu ya mapato inayoendelea kulipwa kadiri rekodi inavyouzwa, hivyo neno moja kwenye jalada huweza kuamua riziki ya mtu kwa miaka mingi.

Dhuluma ya kunyimwa jina huonekana wazi zaidi kwa Paul C, fundi wa Queens aliyeuawa Julai 1989 akiwa na umri wa miaka 24, wakati alipokuwa akiishughulikia albamu *Let the Rhythm Hit 'Em* ya Eric B. & Rakim. Large Professor, kijana aliyekuwa bado mwanafunzi wa sekondari na aliyefundishwa na Paul C kutumia SP-1200, alisaidia kuikamilisha, lakini albamu ilipotoka mwaka 1990 uprodyuza uliandikwa kwa jina la wasanii wenyewe. Ni kwa ushuhuda wa waliokuwepo studioni ndipo mchango wa mwalimu na mwanafunzi wake ulipojulikana.

Si kila mchango uliokosa kuandikwa uliibwa. Mdundo wa "Jazz (We've Got)" katika *The Low End Theory* ya mwaka 1991 ulitokana na ule ambao Q-Tip wa kundi la A Tribe Called Quest aliusikia kwa prodyuza Pete Rock kisha akautengeneza upya, na kundi hilo lilimshukuru Pete Rock kwa jina ndani ya wimbo wenyewe. Heshima ya namna hiyo ina thamani, ingawa haiwezi kushika nafasi ya mkataba.

Kwa hiyo mtafiti wa muziki huu anapaswa kulipima jalada kwa ushuhuda wa waliokuwepo na kwa sauti ya rekodi yenyewe, na kampuni zinazomiliki albamu hizi, ambazo bado zinaingiza fedha, zina wajibu wa kurekebisha majina kila zinapozitoa upya. Kumtaja Ced Gee au Paul C hakumpunguzii Rakim wala KRS-One ukubwa wao. Kunaeleza tu, kwa haki, kwamba ukubwa huo ulijengwa na mikono mingi.