Mtu wa Brussels apige kura, wa Nyarugusu akose?

Disemba 20, 2023, Mkongomani anayeishi Brussels, Paris au Montréal na mwenye kadi yake aliweza kumchagua raisi wa nchi. Mtu wa Fizi anayeishi Nyarugusu, ng'ambo tu ya ziwa Tanganyika, hakuweza.

Ilikuwa mara ya kwanza Wakongomani wa nje kupiga kura. Tume ya uchaguzi, CENI, ilianza na nchi tano: Afrika ya Kusini, Ubelgiji, Ufaransa, Kanada na Marekani. Tanzania haikuwemo. Na bado kambi ya Nyarugusu, katika mkoa wa Kigoma, inapokea Wakongomani tangu 1996, wengi wao wakiwa watu wa Fizi, Baraka na Uvira. Mtoto aliyezaliwa pale mwaka ule alikuwa na miaka 27 siku ya uchaguzi.

Katiba, ibara ya 5, inasema wapiga kura ni Wakongomani wote, wanaume kwa wanawake, waliotimiza miaka 18 na wenye haki zao za kiraia, kwa masharti ya sheria. Haisemi kwamba aliyepanda ndege ana haki kuliko aliyepanda mtumbwi.

Tukizungumza juu ya haki katika uchaguzi, mara nyingi tunataja midahalo. Mwaka 2006 tulingojea Joseph Kabila na Jean-Pierre Bemba wakae meza moja mbele ya duru ya pili; mdahalo haukufanyika. Kenya, mwaka 2013, Paul Muite alikwenda mahakamani kwa sababu hakualikwa, na mwishowe wagombea wote wanane walisimama jukwaani. Kwetu CSAC ndiyo yenye kazi ya kulinda usawa huo. Na huku Fizi, ambako redio inafika kuliko televisheni, usawa unaomba pia mdahalo usikike redioni, kwa Kiswahili.

Lakini mgombea hujibu maswali ya wale wenye kura. Kama kambi haina kura, nani atamuuliza juu ya njia ya kurudi, usalama wa vijiji, au shamba ambalo mtu mwingine analima leo?

Wako wanaopinga. Wanaogopa wizi wa kura, na wanauliza: nani kweli ni Mkongomani? Kwa Fizi, yenye Minembwe ndani yake, swali hilo limeleta maumivu mengi. Lakini lina sheria yake, ile ya uraia ya Novemba 2004, na inapashwa kutumika sawasawa kambini kama mjini.

Wengine wamekwisha kufanya. Mwaka 2013 wakimbizi wa Mali walipiga kura katika nchi jirani. Mwisho wa 2015, wakimbizi wa Jamhuri ya Afrika ya Kati walipiga kura Chad na Kamerun. Inaomba mapatano ya serikali mbili pamoja na HCR, na mkimbizi asilazimishwe: kuna aliyekimbia ambaye hataki jina lake lifike kwa serikali.

Uchaguzi unaofuata ni 2028. Wabunge wa Fizi wana muda wa kuuliza CENI swali moja: je, Tanzania itakuwa kwenye orodha? Wakingoja kampeni ianze, jibu litakuwa lile lile la 2023.